Jipsam, simenti nyeupe au chokaa: kipi umalizie kuta na dari za nyumba yako Mombasa

Fundi akikuuliza akupigie skimu (tabaka jembamba la mwisho la kulainisha plasta) ya nini, usimjibu kwa kulinganisha bei ya mifuko. Mjibu kwa kuangalia maji. Jipsam, simenti nyeupe na chokaa vyote hutoa ukuta mweupe na laini siku ya kwanza, na mtu asiye wa kazi hawezi kuvitofautisha kwa macho. Masika moja ikishapita ndipo utakapojua. Ukuta mmoja utakuwa umetulia, mwingine umefura malengelenge, na wa tatu unamwaga unga sakafuni kila ukifagia.

Kwanza jua maji yanatoka wapi

Ukuta wa Mombasa hupata maji kwa njia nne. Kuna yanayopanda kutoka ardhini, na haya huacha mstari wa doa usiozidi mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni. Kuna mvua ya masika inayosukumwa na upepo wa kusi hadi ikapenya ukuta unaotazama bahari. Kuna yanayovuja kutoka bombani, tangini au kwenye mabati, na doa lake huwa la duara, lenye ukingo wa kahawia. Ya nne ni hewa yenyewe, ambayo hapa haikauki hata mwezi wa Februari.

Kuna jaribio ambalo halina gharama. Kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 50 kwa 50, ukibandike ukutani kwa mkanda pande zote nne pasibaki upenyo, kisha ukiache saa 24. Ukikuta matone upande wa nailoni ulioelekea ukuta, maji yamo ndani ya ukuta, na hakuna skimu itakayodumu hapo kabla chanzo hakijazibwa. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba, nalo hutatuliwa kwa dirisha au feni zaidi kuliko kwa mwiko.

Baada ya maji, angalia chumvi. Nyumba nyingi hapa zilipigwa plasta kwa mchanga wenye chumvi au kwa maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu wa hewa na kuyeyuka pale unyevu huo unapozidi asilimia 75, na hewa ya Mombasa huvuka kiwango hicho asubuhi nyingi. Ndiyo maana kuna kuta zinazotoa jasho alfajiri hata kama mvua haijanyesha kwa wiki tatu, kisha mchana zinakauka na kuacha unga mweupe kama magadi. Unga huo usiuoshe kwa maji, kwa sababu utaurudisha ndani. Upanguse kwa brashi kavu, uukusanye kwenye gazeti, uutupe nje. Rudia kila baada ya siku chache mpaka uone umepungua. Plasta ikiwa imeoza kwa chumvi, yaani ukiigonga inalia kama debe tupu na ukiikwaruza inamwagika, ivunje mpaka kwenye tofali, uipige upya kwa mchanga wa mtoni uliooshwa na maji ya kunywa.

Jipsam na simenti nyeupe, bega kwa bega

Kwa nyumba za matofali na plasta ya simenti, kama zile za Kisauni, Bamburi, Mikindani na Changamwe, ushindani halisi ni kati ya hivi viwili. Chokaa ina mahali pake, tutafika.

Jipsam ni nyepesi mkononi na huteleza vizuri chini ya mwiko. Inapoganda haisinyai. Hutanuka kidogo sana, na kwa hiyo unaweza kuipaka nene pale ukuta ulipobonyea bila kuogopa nyufa. Msasa huikubali kwa urahisi. Kama chumba ni kikavu, kiko ghorofani na ukuta wake hautazami mvua, basi jipsam ndiyo itakayokupa ukuta laini kwa jasho dogo zaidi.

Udhaifu wake ni mmoja, na kwa mji wetu ni mkubwa. Jipsam iliyokwisha kuganda bado huyeyuka kwenye maji, gramu 2 na ushei kwa kila lita. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ukuta unaolowa na kukauka mwaka mzima hupoteza nguvu kidogo kidogo hadi ukaweza kuuchimba kwa ukucha. Usiipake bafuni, wala nyuma ya sinki, wala nje, wala kwenye mita ya chini ya ukuta unaopandwa na maji ya ardhini.

Simenti nyeupe ni ndugu wa simenti ya kijivu, ila imepunguziwa madini ya chuma yanayoleta rangi. Hiyo haiogopi maji. Huyahitaji ili ikomae. Inafaa bafuni, jikoni, varandani, ukuta wa nje na ule ukuta wa upande wa bahari. Ni ngumu, kwa hiyo watoto na viti haviikwaruzi ovyo. Lakini ni ngumu hata kwa msasa, na ukiacha michirizi ya mwiko leo, kesho utatoka jasho kuiondoa. Pia husinyaa. Kila mkono mmoja, yaani kila tabaka unalopaka, usizidi milimita 1 hadi 1.5, na yote kwa jumla isizidi milimita 3. Ukipita hapo utaona nyufa nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui.

Kosa linaloharibu simenti nyeupe hapa pwani ni kukauka haraka kuliko inavyokomaa. Ukuta wa plasta una kiu. Tabaka la milimita moja likipakwa juu ya ukuta mkavu, upepo wa kaskazi ukiwa unavuma dirishani, maji yake huvutwa upande mmoja na plasta na upande wa pili na upepo kabla simenti haijafanya kazi yake. Kinachobaki ni vumbi lililoshikana. Ukipitisha kiganja kinatoka cheupe, na rangi utakayoipaka itabanduka na vumbi hilo. Kwa hiyo lowanisha ukuta kwa brashi jioni ya kabla ya kazi na tena nusu saa kabla ya kupaka, hadi uwe na unyevu lakini haung'ai kwa maji. Funga madirisha ya upande wa upepo. Siku mbili zinazofuata nyunyizia maji kama umande, asubuhi na jioni. Skimu za mifuko zilizochanganywa kiwandani na gundi ya unga hustahimili kiu hii zaidi ya simenti nyeupe tupu, na kwa mtu anayejifanyia mwenyewe tunazipendekeza hizo.

Muda wa kufanya kazi nao hutofautiana. Jipsam tupu huganda kati ya dakika 10 na 20, na ile ya mifuko ya skimu yenye kichelewesho hukupa karibu saa nzima. Skimu ya simenti nyeupe hukaa saa moja na nusu hadi mbili kwenye ndoo. Anayeanza na asiye na msaidizi atatulia zaidi na simenti. Akichagua jipsam, achanganye kidogo kidogo, isizidi nusu ndoo kwa mara moja.

Uchanganyaji wa jipsam una adabu zake. Maji hutangulia ndoo, unga hufuata kwa kunyunyizwa, na kwa kilo moja ya unga huhitaji takriban lita 0.6 hadi 0.7, ila soma mfuko wako kwanza. Uache unga unywe maji kwa dakika moja mbili ndipo ukoroge. Ndoo iwe safi kabisa: mabaki ya jipsam iliyoganda ni mbegu, huifanya mpya igande kwa dakika chache tu, na maji yenye chumvi nayo huiharakisha. Mafundi wengi hulaumu mfuko kumbe ndoo haikusuguliwa. Ikianza kuganda usiiongeze maji. Itarudi kuwa laini machoni, lakini haitakuwa na nguvu tena. Itupe.

Na hili tunaliomba kwa herufi nzito: usichanganye jipsam na simenti. Wapo wanaotia jipsam kidogo kwenye simenti ili ishike haraka, hasa wanapoziba mashimo ya mabomba na nyaya. Penye unyevu, viwili hivyo hutengeneza fuwele mpya zinazotanuka ndani ya kiraka, na baada ya miezi kiraka kinasukumwa nje chenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, usipake skimu ya jipsam juu ya plasta ya simenti ambayo bado ni mbichi. Ipe plasta angalau wiki nne, na kipindi cha mvua zaidi ya hapo.

Kuhusu kiasi, chukua chumba cha mita 3 kwa 3.6, chenye kimo cha mita 2.7, mlango mmoja na dirisha moja. Kuta zake zitakuwa mita za mraba 32 hivi. Kwa unene wa jumla wa milimita 1.5, simenti nyeupe ya mifuko hula kama kilo 1.2 kwa kila mita ya mraba kwa milimita moja, yaani kilo 58, kwa hiyo nunua mifuko 3 ya kilo 25. Jipsam ni nyepesi zaidi, kama kilo 1, na mifuko 2 itakufikisha ukingoni. Ukuta ukiwa na mabonde ongeza wa tatu. Usinunue ya akiba ya mwaka ujao. Mfuko uliofunguliwa Mombasa hunywa hewa na kuota madonge ndani ya wiki chache, na usiofunguliwa nao usiukalishe sakafuni bali juu ya mbao.

| | Jipsam | Simenti nyeupe | Chokaa |
|---|---|---|---|
| Chumba kikavu cha ndani | Bora | Inafaa | Inafaa |
| Bafu, nje, upande wa mvua | Hapana | Bora | Nje inafaa, bafuni hapana |
| Ukuta wa zamani wa matumbawe | Hapana | Hapana | Ndiyo pekee |
| Unene wa mkono mmoja | Hata milimita 3 | Milimita 1 hadi 1.5 | Milimita 2 hadi 3 |
| Msasa | Rahisi | Mgumu | Hausuguliwi, hulainishwa ikiwa mbichi |
| Hatari kuu | Kuyeyuka na kulegea | Kukauka kabla ya kukomaa | Haraka ya fundi |

Chokaa na nyumba za kale

Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa ukoo huo huo wa vifaa: matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo ni nene na hazina kizuizi cha maji chini. Maji hupanda na kutoka kwa uhuru kupitia chokaa, na kwa sababu yanatoka, ukuta haulemewi.

Sasa mtu anapiga plasta ya simenti juu yake ili "iwe imara." Simenti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipumui. Maji yaliyokuwa yakitoka chini sasa yamefungiwa, yanapanda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya plasta badala ya juu yake. Plasta itasimama miaka kadhaa, kisha itaanguka kwa vipande vikubwa ikiwa imebeba uso wa jiwe. Ncha za boriti zilizoingia ukutani nazo huoza kwa unyevu huo. Hapa hatusemi chokaa ni chaguo mojawapo, tunasema hakuna kingine. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, ulizia ruhusa kwa wahusika kabla ya kugusa uso wa nyumba.

Chokaa hukomaa kwa kunywa hewa ya ukaa, taratibu sana, na inahitaji unyevu kidogo ili iweze kuinywa. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye maji angalau saa 24, ikiwezekana wiki nzima, ikiwa imefunikwa, hadi iwe kama siagi. Tabaka la chini huwa kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi wenye chembe kali, lisizidi milimita 10 kwa mkono mmoja. Linapokuwa gumu kiasi cha kidole gumba kutozama, likwaruze mistari ili linalofuata lishike. La juu, ile niru waliyokuwa wakiisugua wazee hadi ikang'aa, ni kipimo kimoja kwa kimoja au kwa viwili vya mchanga uliochekechwa, milimita 2 hadi 3. Linapoanza kushika, rudi na mwiko na ulisukume kwa nguvu. Nyufa za kusinyaa hufungwa wakati huo na si baadaye kwa fila (lahamu ya kuzibia nyufa).

Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa wiki ya kwanza, jua lisiupige. Ukimaliza, paka chokaa iliyozimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa, mikono mitatu hadi mitano, kila mmoja siku yake. Rangi ya plastiki juu ya chokaa ni sawa na kumvisha mtu mfuko wa nailoni.

Chokaa mbichi huunguza. Vaa glovu na miwani, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi safi papo hapo kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

Nyumba za udongo na fito, ambazo bado zipo Likoni na Majengo, zina hukumu hiyo hiyo. Plasta ya simenti juu ya udongo huachana nao upesi. Udongo uliotiwa chokaa, kisha chokaa tupu juu, hutembea pamoja na kiambaza.

Dari: bodi ipi, mkanda upi, skurubu zipi

Bodi za jipsam huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa 8, yaani milimita 1200 kwa 2400, nazo zina unene wa milimita 9 au 12. Ile ya 9 ni nyepesi na watu wawili wanaiinua bila shida, lakini ikiwekwa kwenye fremu ambayo vyuma vyake vimeachana zaidi ya milimita 400 hulegea katikati kama chandarua, hasa hapa ambapo karatasi yake haikauki kikamilifu. Ile ya 12 huvumilia zaidi na hupunguza kelele ya mvua ya mabati. Tungechagua ya 12 kwa chumba chochote kilicho chini ya paa moja kwa moja, na 9 kwa korido na vyumba vya chini ya sakafu ya zege.

Bodi yenye karatasi ya kijani imetiwa dawa ya kuzuia unyevu. Inafaa jikoni na dari ya bafu lenye dirisha. Si ya kuzuia maji yanayomwagika. Ukutani pa kuogea weka bodi ya simenti, au acha plasta na vigae.

Kwa chumba kile kile cha mita 3 kwa 3.6 utahitaji bodi 4 kamili, ukizipanga urefu wake ukivuka vyuma vya fremu, na viungio vya ncha vikipishana kama matofali. Nunua ya tano kwa sababu ngazi za ghorofani hazisamehi. Skurubu za milimita 25 ni kama 200, kila moja milimita 200 kutoka kwa mwenzake, na milimita 15 kutoka ukingo uliokatwa. Kichwa kizame kidogo bila kupasua karatasi. Karatasi ikipasuka skurubu hiyo haishiki kitu tena, weka nyingine pembeni yake.

Skurubu nyeusi za kawaida ni za bei nafuu, lakini kwa nyumba iliyo karibu na bahari hazifai. Chumvi ya hewani huzila, na baada ya misimu michache dari nyeupe huota madoa ya kutu yaliyopangwa mistari kama vifungo vya shati. Chukua zilizopakwa zinki. Fremu nazo ziwe za zinki, na kila ulipozikata paka rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu mkato huo uko uchi.

Mkanda wa kufunika viungio vya bodi, uwe wa karatasi au wa wavu? Wavu una gundi yake, unabandika na kuendelea, na karatasi inataka mkono uliozoea. Hata hivyo karatasi haivutiki, hukunjwa vizuri pembeni, na ndiyo inayozuia ufa kurudi. Wavu unafaa kiraka, na viungio vya katikati pale fremu ilipo imara, kwa sharti moja ambalo hupuuzwa sana: mkono wake wa kwanza uwe wa fila ya unga inayoganda, isiwe ile iliyokwisha kuchanganywa ya ndoo. Ya ndoo hukauka kwa kupoteza maji, husinyaa, na juu ya wavu hupasuka mstari mmoja mrefu. Dari ya chumba chetu ina karibu mita 10 za viungio, na nyingine 13 ukiziba pembe za dari na ukuta. Viungio vipe karatasi, pembe vilevile.

Kuupaka mkanda wa karatasi, tandaza kwanza fila upana wa sentimita 10, laza mkanda, kisha ukamue kutoka katikati kwenda ncha kwa kisu bapa. Pasipo na fila chini patafura lengelenge. Likitokea, usilifunike. Lichane, litoe, uanze upya hapo. Mkono wa pili uwe sentimita 20, wa tatu sentimita 30, kila mmoja mwembamba. Fila ya ndoo huandikwa isubiri saa 24, lakini hiyo ni hesabu ya hewa kavu. Mwezi wa Mei hapa isubiri siku mbili, na uiangalie rangi: ikiwa bado ina kijivu katikati haijakauka. Msasa namba 120 kwa mikono ya kwanza, 180 hadi 220 mwishoni, barakoa usoni. Ukimaliza zima taa kubwa, washa tochi ukiilaza dari. Kila kilima kitaonyesha kivuli chake.

Kuhusu kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande inapogusa kitu cha nyuzi 24. Ukikiweka kiyoyozi kwenye 18, bodi ya dari inapoa kupita hapo, na hewa ya moto iliyo darini juu yake inatoa maji mgongoni mwa bodi, mahali usipopaona. Ukungu huanzia huko juu, nawe utauona umeshafika chini. Kiweke 25, na mabomba yake ya baridi yafungwe sponji yake kila inchi, pamoja na kwenye viungo.

Kuziba au kubadilisha

Dari ikishavujiwa, swali ni kama bodi ile ibaki. Ibonyeze kwa kidole ikiwa imekauka. Kama ni ngumu, haijainama na ina doa tu, ifunge doa kwa praima (rangi ya kutanguliza) ya mafuta, kwa sababu rangi ya maji hulivuta doa juu hata ukipaka mara tano. Kama ni laini, imeshuka au karatasi inaachana, ikate. Hairudi.

Tundu la msumari ni fila na msasa. Tundu la kiasi cha ngumi halizibwi kwa fila tupu. Itaganda ikiwa nzito na kudondoka. Likate liwe mraba, ingiza kipande cha mbao nyuma kikizidi tundu sentimita 5 kila upande, kikaze kwa skurubu mbili kupitia bodi ya zamani, kisha pachika kiraka cha bodi yenye unene ule ule na ukikaze kwenye mbao. Mkanda wa wavu pande nne, fila ya unga, kisha mikono miwili ya kupanua.

Ufa wa ukuta wa plasta upanue kwanza kwa ncha ya kikwaruzio uwe kama herufi V, kina cha milimita 5, uusafishe vumbi na kuulowanisha. Fila iliyopakwa juu ya ufa mwembamba bila kuupanua hushika ukingo tu. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali wake, na upime tena baada ya mwezi. Umbali ukiongezeka, nyumba inatembea. Muite mhandisi aone msingi, fila iache dukani.

Rangi juu yake

Simenti nyeupe na chokaa ni vikali kama magadi, na rangi ya mafuta juu ya simenti mbichi hugeuka kitu kama sabuni, ikawa inanata na kubanduka. Subiri wiki nne, au paka kwanza praima inayostahimili ukali huo. Skimu ya jipsam haina ukali, lakini ina kiu. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji uzimue kwa maji asilimia 10 hadi 20 ili uzame, ndipo mikono miwili mizito ifuate. Anza asubuhi umande ukishakauka ukutani, si alfajiri, na chumba cha upande wa bahari usikipake siku ambayo kusi imevuma mvua.